Msumeno wa Meza wa Mtumba Nilioununua Ukiwa na Mota Iliyoungua

Shemeji yangu anafuga nyuki huko Sikonge, na mwaka jana aliniomba nimtengenezee mizinga mitatu ya viunzi. Kwa nje mzinga wa aina hiyo ni sanduku la mbao tu, lakini juu yake hupangwa viunzi bega kwa bega, na chini ya kila kiunzi nyuki hujenga sega moja. Kwa nyuki wetu wa Afrika kila kiunzi hutakiwa kuwa na upana wa milimita 32, na mzinga niliouchora ulihitaji viunzi 28, yaani milimita 896 kwa jumla. Nilipasua vya kwanza kwa msumeno wa mkono, nikavinyoosha kwa randa jioni tatu mfululizo, kisha nikavipanga juu ya sanduku na kuvipima: milimita 914. Kosa la kila kiunzi halikufika hata milimita moja, lakini yalipojumlishwa makosa 28 yalizidi nusu ya upana wa kiunzi kizima. Nyuki hawalivumilii jambo hilo. Nafasi ikishahama, huanza sega kwenye kiunzi hiki na kulimalizia kwenye kinachofuata, na siku ya kurina mfugaji hawezi kuinua kiunzi kimoja bila kupasua masega mawili na kumwaga asali.

Viunzi hivyo ndivyo vilivyonifanya nianze kutafuta msumeno wa meza, ambao mafundi wengi hapa Tabora huuita tu mashine ya kupasulia. Mimi ni mwalimu, ninaishi Ipuli, na useremala wangu ni wa jioni na Jumamosi chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba. Ningeweza kuendelea kupeleka mbao kwa karakana za mjini zinazopasua kwa malipo, na kwa kazi kubwa bado nafanya hivyo. Tatizo ni kwamba karakana yenye foleni ya wateja wa vitanda na milango haiwezi kusimamisha kazi ili kurekebisha reli ya kuongozea mbao kwa ajili ya vijiti vya mwalimu mmoja, wala sikuona haki ya kuwadai wafanye hivyo. Kazi ya upana ule ule kurudiwa mara themanini na nne inahitaji mashine ambayo mwenyewe unaweza kuitega, ukaiacha ilivyo, ukaenda kulala, na kesho ukaikuta haijaguswa.

Mfuko wangu ulikuwa shilingi 800,000, nilizoziweka kidogo kidogo kwa miezi tisa. Kwa fedha hizo sikuweza kufikiria mashine mpya yenye meza ya chuma kizito. Nilichoweza kupata ni mtumba, na mitumba ya mashine za useremala hufika Tabora kwa njia mbili: ama inaletwa kutoka Dar es Salaam, mara nyingi kupitia maduka ya Gerezani, ama inauzwa na fundi wa hapa hapa anayebadilisha mashine au anayefunga kazi. Nilizungukia njia zote mbili kwa muda wa miezi miwili, nikaziacha mashine mbili, nikanunua ya tatu, na nadhani sababu za kuziacha zile mbili zinafaa kuelezwa kwa urefu kuliko furaha ya kuipata ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Ilikuwa nyepesi, ina miguu ya kukunja, rangi yake inang'aa, na muuzaji aliiwasha mbele yangu ikanguruma kwa nguvu. Bei yake ilikuwa 750,000. Nilipoinama kusoma kibati cha mota nikakuta imeandikwa volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), yaani ilitengenezwa kwa ajili ya umeme wa Marekani. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Muuzaji alikuwa ameiunganisha kwenye transfoma iliyokuwa chini ya meza, na transfoma hiyo haikuwamo katika bei. Mashine ya wati 1,800 inahitaji transfoma ya kubeba angalau mzigo huo na ziada ya kutosha, na transfoma ya namna hiyo ni nzito, ni ghali, na ni kifaa kingine kinachoweza kuungua. Tena volti si jambo pekee. Transfoma hubadilisha volti, lakini hezi huziacha kama zilivyo. Mota yenye kaboni, yaani vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, haijali sana hezi. Mota isiyo na kaboni iliyokusudiwa hezi 60 huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita ikipewa hezi 50, na huwa na tabia ya kuchemka. Kwa hiyo mtu anayenunua mtumba aanze na kibati kabla hajaomba mashine iwashwe. Mashine iliyotoka Uingereza au bara la Ulaya kwa kawaida itakubaliana na soketi zetu. Iliyotoka Marekani itakuwa na volti 120, na iliyotoka Japani itakuwa na volti 100, ikiwa ilitengenezwa kwa matumizi ya huko kwao.

Ya pili ilikuwa kinyume kabisa cha ya kwanza: chuma kitupu, nzito kiasi cha kuhitaji watu wanne, na bei ilikuwa 600,000, ambayo kwa uzito wa chuma kile ilikuwa kama zawadi. Ilikuwa ya fezi tatu. Nyumba yangu ina fezi moja, kama nyumba nyingi za watu wa kawaida, na kubadilisha laini ya nyumba kwa ajili ya mashine moja ya Jumamosi kungekula fedha zote na kuvuka. Zipo njia za kubadili mota au kuweka kifaa cha kugeuza fezi moja kuwa tatu, na mwenye karakana anaweza kupiga hesabu hizo zikamlipa. Mimi hazikunilipa. Niliondoka pale kwa huzuni ya kweli, kwa sababu meza ya mashine ile ilikuwa imenyooka kama maji yaliyotulia.

Baada ya hapo nilikwenda Ng'ambo kumwona mzee mmoja seremala ambaye alinifundisha kunoa patasi nilipohamia mji huu. Nilimwamkia, akaniketisha kwenye benchi lake, nikamweleza habari za mashine zote mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, katika hizo mashine wewe ulikuwa unanunua nini?" Nikasema nilikuwa nanunua msumeno wenye nguvu. Akatikisa kichwa. "Nguvu utaisuka kwa fundi wa mota hapo mjini. Meza iliyopinda nani atakunyooshea? Shafti iliyopinda nani atakuondolea wasiwasi wake? Kanunue chuma, hayo mengine ni vipuri."

Maneno hayo yalibadilisha namna ya kutafuta kwangu, na ndiyo hasa yaliyonisukuma kuandika haya. Sisi wenye fedha kidogo tunapokwenda kununua mashine ya mtumba huwa tunaangalia kwanza kama inawaka, na muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana mashine inayowaka huongezewa bei kubwa hata kama vyuma vyake vimechoka. Lakini hebu tuzitazame sehemu zake moja moja. Mota ikiungua, Tabora wapo mafundi wa kusuka mota, yaani kuizungushia nyaya mpya za koili, ambao wanasuka za pampu na za mashine za kusaga kila siku. Beringi huuzwa dukani kwa namba zake. Mkanda, swichi, kapasita na kaboni vinapatikana, na diski ya msumeno ni kitu cha kubadilishwa kama wembe. Reli ya kuongozea mbao ikikosekana, seremala anaweza kuitengeneza kwa mbao kavu. Vinavyobaki ni meza yenyewe, shafti inayobeba diski, na kitako ambacho shafti hiyo imekalia. Hivyo vitatu vikiwa vibovu, hakuna fundi wa karibu atakayevirudisha kwa gharama ya kueleweka. Kwa hiyo niliacha kutafuta mashine inayowaka, nikaanza kuulizia mashine iliyokufa.

Niliipata ndani ya wiki mbili, katika karakana ya fundi aliyekuwa amehamia kwenye mashine kubwa zaidi. Ilikuwa na meza ya chuma cha kusubu, diski ya milimita 250, na mota iliyofungwa chini ikizungusha shafti kwa mkanda. Mota ilikuwa imeungua tangu masika, na harufu ya vanishi ya koili iliyoungua bado ilitoka kwenye matundu ya hewa. Ule mkanda ndio ulionipa moyo. Mashine ambayo diski yake imefungwa moja kwa moja kwenye mota ina mota ya umbo lake peke yake, na ikifa unatafuta ndugu yake usimpate. Mashine ya mkanda hukubali mota yoyote yenye nguvu na mwendo unaofaa, mradi iwe na mahali pa kufungwa.

Nilikwenda kuikagua na vitu vichache: rula ya chuma ya sentimita 60, skwea, futi kamba, tochi, kalamu ya wino mzito na karatasi tatu za kuandikia. Karatasi ya kawaida ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa mtu asiye na vipimo vya kiwandani ni kipimo cha kuaminika kabisa. Nilisimamisha rula juu ya meza kwa ubavu wake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari pande zote mbili, huku mwenzangu akimulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya chini ya rula, unajaribu kupitisha karatasi. Kwenye kona moja ilipita karatasi moja, ya pili ikagoma. Kwa kazi za mbao hilo ni jambo la kushukuru. Kutu ilikuwapo, lakini ilikuwa ya juu juu, ya rangi ya chungwa; kutu ya kuogopa ni ile iliyochimba mashimo, hasa pembezoni mwa tundu la diski.

Kisha nikaenda kwenye shafti. Nilishika diski kwa kitambaa nikaivuta juu na chini, kushoto na kulia. Palikuwa na mchezo mdogo, na nilipoizungusha kwa mkono nikasikia mkwaruzo kama wa changarawe: beringi zimekufa, jambo ambalo nililitarajia. Swali lilikuwa kama shafti yenyewe imenyooka. Nilitoa diski, nikabana kijiti kwenye meza ncha yake ikiigusa kwa mbali sahani ya chuma inayoegemewa na diski, nikazungusha taratibu nikitazama nafasi kati ya ncha na sahani. Kama shafti au sahani imepinda, nafasi hiyo hufunguka na kufumba katika kila mzunguko. Haikufumba. Nilirudia kwenye mwili wa shafti, mahali ambapo tundu la diski hukaa, nikapata jibu lile lile, na pia nikahakikisha kwamba nyuzi za nati hazijaliwa. Shafti ilikuwa ya milimita 30, kipimo cha kawaida cha mashine za Ulaya, na nilifurahi kwa kuwa diski za tundu hilo nilishaziona madukani. Zipo mashine zenye shafti za vipimo vingine, na mnunuzi asipopima atajikuta ana mashine nzuri isiyo na diski inayoiingia.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha ulinganifu wa diski na mfereji ulio juu ya meza, ule ambao kiongozi cha kukatia hupita. Nilirudisha diski, nikatia alama ya wino kwenye jino moja, nikalileta mbele na kupima umbali kutoka ukingo wa mfereji hadi kwenye jino hilo, kisha nikazungusha diski mpaka jino lile lile likafika nyuma, nikapima tena. Ni muhimu kutumia jino moja pande zote mbili, kwa sababu diski yenyewe inaweza kuwa imejikunja kidogo, na ukipima meno mawili tofauti utakuwa unapima mkunjo wa diski badala ya mkao wa shafti. Tofauti ilikuwa kama nusu milimita. Nilipochungulia chini nikaona boliti nne zinazoshikilia kitako, zote zikiwa na nafasi ya kulegezwa na kusogezwa, nikajua kosa hilo linarekebishika.

Bei tulielewana bila mvutano mrefu. Bwana yule alianza na 500,000, nikamwonyesha beringi, swichi iliyopasuka na reli iliyokosa kifungo, akashuka mpaka 380,000 akanitakia kazi njema. Sikujaribu kumshusha zaidi, maana naye alikuwa ameniachia niipime mashine yake saa nzima bila kununa.

Kuhusu gharama nitasema wazi, kwa sababu wengi huhesabu bei ya mashine na kusahau kinachoifuata. Gari la kuileta Ipuli lilikuwa 25,000. Kusuka mota 140,000, beringi mbili 24,000, mkanda 12,000, kapasita 18,000, swichi 35,000, diski mpya 85,000, waya na plagi 48,000, na kipande cha chuma pamoja na kazi ya fundi wa kuchomelea 15,000. Ukijumlisha na bei ya mashine unapata 782,000. Zaidi kidogo ya nusu ya fedha iliishia nje ya bei ya ununuzi, na kama ningelipa 750,000 kwa ile mashine iliyong'aa nisingekuwa na senti ya transfoma. Shilingi 18,000 zilizobaki nilinunulia miwani ya kinga na barakoa.

Mota ilirudi ikiwa na kilowati 1.5 zake na mwendo wa mizunguko 2,850 kwa dakika. Puli ya mota ina kipenyo cha milimita 125 na ya shafti milimita 90, kwa hiyo diski huzunguka karibu mara 3,950 kwa dakika. Nilipopiga hesabu ya mwendo wa meno ya diski ya milimita 250 nikapata zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Naomba msomaji aisome namba hiyo mara mbili. Kasi ya basi la mikoani inayotutia hofu barabarani ni nusu yake tu, na hapa tunasukuma mbao kwa mikono hadi karibu na meno hayo. Kila diski huandikwa mwendo wa juu unaoruhusiwa, na huo lazima uwe mkubwa kuliko mwendo wa shafti yako.

Kile kipande cha chuma cha 15,000 ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyoongeza. Mashine ilikuja bila kisu cha nyuma, yaani bapa la chuma linalosimama nyuma ya diski katika mstari mmoja nayo. Mbao inapopasuliwa hufungua nguvu zilizokuwa zimefungwa ndani yake tangu mti ukiwa umesimama. Vipande viwili vinaweza kuachana, lakini vinaweza pia kufumba na kuibana diski kwa nyuma. Meno ya nyuma yanapanda juu yakielekea kwako. Yakiikamata mbao, huinyanyua na kuirusha kifuani kwa mtu aliyesimama mbele, na mkono uliokuwa ukisukuma huweza kuvutwa kwenye diski. Mafundi husema mashine imepiga teke. Kisu cha nyuma huizuia njia ya msumeno isifumbe, na ili kifanye kazi lazima kiwe kinene kuliko mwili wa diski na chembamba kuliko upana wa mkato. Diski yangu ina mwili wa milimita 2 na meno ya milimita 3, kwa hiyo bapa langu ni la milimita 2.5. Lipo umbali wa milimita tano hivi kutoka kwenye meno, na fundi alilifunga kwenye kitako cha shafti ili lipande na kushuka pamoja na diski. Nimeona mashine nyingi katika karakana zetu ambazo kisu hiki kiliondolewa zamani na hakuna anayekumbuka kilipo. Inanisikitisha sana, kwa sababu nimewaamkia kwa mkono mafundi waliopungukiwa vidole, na kipande hiki ni kazi ya mchana mmoja.

Teke jingine huletwa na reli. Reli ikielekea ndani kwa nyuma, mbao hubanwa kati yake na diski, kwa hiyo ni lazima iwe sambamba na diski, na kama itakosea basi ikosee kwa kufunguka kidogo nyuma. Yangu niliitengeneza kwa mbao ya mninga iliyokaa kavu miaka mingi, iliyokuwa fremu ya mlango wa nyumba ya zamani. Mninga ukishakauka hautembei sana, yaani haupindi wala kusinyaa ovyo, na ndiyo sababu niliuchagua kwa kazi hii. Kwa mbao nyembamba kama viunzi natumia kijiti cha kusukumia chenye pembe kwenye ncha, na nasimama kando ya mstari wa diski.

Umeme pia ulihitaji kufikiriwa. Mota ya aina hii inapoanza huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ikiwa kwenye mwendo, na waya mwembamba wa kurefushia unaotumika kwa redio hushusha volti, mota ikashindwa kupanda mwendo, ikachemka. Fundi umeme alinivutia waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye ubao wa umeme hadi bandani, ukiwa na breka yake na nyaya ya ethi iliyounganishwa kweli. Swichi niliyoiweka ni ya sumaku: umeme ukikatika inajifungua yenyewe, na umeme ukirudi mashine haiwaki mpaka uibonyeze. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika wakati mbao iko katikati ya diski na kurudi ukiwa umeshaingiza mikono kuichomoa, sioni jinsi mtu anavyoweza kukubali swichi ya kawaida. Gharama ya matumizi si kubwa. Saa nzima ya kupasua bila kupumzika ni kama uniti mbili hivi za LUKU, na mimi sipasui saa nzima.

Diski niliyonunua ina meno 24 yenye ncha za kabaidi. Lugha yetu inatenganisha kupasua na kukata, na diski nazo hivyo hivyo: meno machache yenye mabonde makubwa ni ya kupasua kwa urefu wa nyuzi za mbao, meno 60 na kuendelea ni ya kukata kwa upana. Ukipasua mninga kwa diski ya meno mengi, mbao huungua na kuacha weusi ubavuni, na mota huanza kulalamika. Nilipokuwa nikitafuta mashine, muuzaji mmoja alinionyesha uwezo wa mota kwa kupasua kipande cha paina chenye unene wa sentimita mbili. Mbao hiyo hata mashine mgonjwa huipasua. Anayekwenda kujaribu mashine inayowaka abebe kipande chake cha mninga cha inchi mbili, aombe kukipitisha, kisha mashine izimwe na asikilize beringi wakati diski inapopunguza mwendo, maana wakati huo kelele za mota zimeondoka na ukweli unasikika.

Vumbi ni jambo nililolichukulia kwa wepesi mwanzoni. Tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga huwasha pua na ngozi za watu wengi kabla hata ya kufikiria hayo makubwa. Nimefungua upande mmoja wa banda, nimeweka kifuniko cha plaiwudi chini ya meza kinachoelekeza unga wa mbao kwenye gunia, na barakoa haivuliwi mpaka nimefagia.

Kutu ya mezani niliitoa kwa msasa na mafuta ya taa, nikifuata mwelekeo mmoja. Baada ya kukausha nilipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini kidogo, nikaisugua kwa kitambaa mpaka isinate tena. Nta yenyewe ilitoka Sikonge, shemeji aliniletea kipande cha ukubwa wa ngumi alipokuja kuangalia kazi yake imefikia wapi. Mbao sasa huteleza juu ya meza kwa kusukumwa na vidole viwili, na masika yote yamepita bila doa jipya la kutu.

Viunzi vyote 84 nilivipasua kwa Jumamosi mbili, baada ya kutega reli kwa kujaribu vipande vitano vya kutupa. Nilipopanga 28 vya mzinga wa kwanza juu ya sanduku, futi kamba ilisoma milimita 898. Nilivipitishia msasa mara moja kila ubavu, vikaingia. Mizinga miwili imeshapanda gari kwenda Sikonge na wa tatu unasubiri mfuniko. Reli ya mninga bado ina udhaifu mmoja: nikiikaza kwa mbele, nyuma husogea kidogo, kwa hiyo kabla ya kila mkato mpya napima ncha zote mbili, na nimeshamwagiza fundi wa kuchomelea kibano cha pili cha kuishika kwa nyuma.